Idi mbili, nyumba moja: shajara ya katuni yetu

Mfunguo Nne

Kazi imeanza. Katuni itaitwa "Ghorofa ya Nne", vichekesho vya familia moja inayokaa kwenye majumba ya Michenzani, mjini Unguja, na sehemu ya kwanza tunataka irushwe Idi el-Fitri. Shajara nitaiandika kwa miezi yetu ya kuandama, mfunguo kwa mfunguo (Mfunguo Mosi ndio mwezi unaofuata Ramadhani), kwa sababu tarehe ya kukabidhi haimo kwenye kalenda ya ukutani. Mtu akituuliza tutamaliza lini, tunamwambia mwezi ukiandama, na wala hatumfanyii mzaha.

Wenye nyumba ni Baba Maulidi, karani wa bandarini anayejua bei ya kila kitu. Mama Maulidi, mshoni na mpishi wa visheti vya oda. Watoto wao wawili, Maulidi na Tatu. Bi Mkubwa, mama yake Baba, aliyevuka kutoka Wete, Pemba, kwa matibabu ya wiki mbili na mpaka leo hajataja habari ya kurudi. Na Ami Khamis, mdogo wake Baba, anayelala sebuleni kwa muda. Huo muda ni wa kiasi gani, hakuna aliyethubutu kuuliza.

Kisa cha kwanza kilikuja chenyewe. Hapa kwetu wapo wanaofuata mwezi ulioonekana hapa na kutangazwa redioni, na wapo wanaofuata mwezi ukionekana popote duniani. Miaka mingine zote mbili huangukia siku moja na watu hupumua. Miaka mingine Jumanne huwa Idi kwa huyu na saumu kwa yule. Sasa waweke ndugu wawili kila mmoja upande wake, chini ya dari moja, na jiko moja. Kufunga siku ya Idi ni haramu, na kula mchana wa Ramadhani bila ya udhuru ni haramu vilevile, kwa hiyo hakuna hata mmoja anayeweza kusema "basi yaishe, nakufuata wewe". Mama apike pilau siku gani? Na Maulidi na Tatu, ambao hawana rai yoyote juu ya mwezi, wanaona jambo moja tu: mkono wa Idi, zile pesa wanazopewa watoto, mara mbili.

Kisa kinaelezeka mtu akipanda ngazi, kabla hajafika ghorofa ya pili. Hilo ndilo nililokuwa nikilitafuta.

Nimetazama pia wenzetu walianzaje. Familia ya The Simpsons, katuni ya Marekani, ilitoka mwaka 1987 kama vipande vifupi ndani ya kipindi cha mtu mwengine, Tracey Ullman, kisha ndiyo ikapewa nusu saa yake. Sehemu ya kwanza kurushwa, tarehe 17 Desemba 1989, ni ya sikukuu: baba hakupata bonasi kazini, akiba ya mama imekwisha kwa kumfutisha mtoto chale, na baba anajificha kwenye ndevu za bandia za Santa dukani ili apate chochote cha kupeleka nyumbani. Sikukuu na mfuko mtupu. Hiyo haihitaji mkalimani. Lakini lililonishika zaidi ni hili: hiyo haikuwa sehemu ya kwanza kutengenezwa. Iliyokusudiwa kufungua ilirudi kutoka kwa wachoraji wa Korea Kusini ikiwa na mwendo usioridhisha, kubwa lake likafanywa upya, ikaja kurushwa mwisho kabisa wa msimu, Mei 1990.

Kwa hiyo na sisi tumekata shauri: kabla ya Idi tunachora kwanza kipande kifupi cha Baba akipanda ngazi na gunia la mchele. Hakitarushwa popote. Kipo ili tuharibu humo yote ya kuharibika.

Na kitu chengine tulichokubaliana: hakuna kutambulishana. Hakuna "huyu ni mke wangu, huyu ni mwanangu". Mtazamaji anafungua mlango na anakuta ugomvi umeshafika nusu, kama jirani.

Mfunguo Tano

Hesabu. Televisheni zetu hurusha fremu, yaani picha moja moja, 25 kwa sekunde. Dakika 11 za sehemu yetu ni fremu 16,500. Ukiushika kila mchoro kwa fremu mbili, kama wanavyofanya wachoraji wengi, inabaki michoro 8,250. Sisi ni watu wanne, na mmoja wetu ni wa muziki.

Ndiyo sababu mwezi huu tumesoma sana kazi za Hanna-Barbera. Hao ndio waliotengeneza The Flintstones, iliyoanza Marekani tarehe 30 Septemba 1960, katuni ya familia iliyowekwa saa za jioni ili watu wazima nao wakae. Pesa na muda havikuwatosha, wakabuni ujanja: karibu kila mhusika wao amevaa kitu shingoni, tai, kola au mkufu. Kiwiliwili kinatulia, kichwa peke yake ndicho kinachochorwa upya, na kile kilichovaliwa shingoni kinaficha pale vinapoungana. Ukishalijua hilo huwezi tena kuzitazama katuni zao bila ya kutazama shingo.

Basi, mimi nikasema, sisi tatizo letu limekwisha kabla halijaanza. Mama Maulidi tutamchora na ushungi. Dada yetu wa sauti akanitazama. "Nani anakaa na ushungi nyumbani kwake, mbele ya mumewe na wanawe?" Kweli. Mtu na dira lake, gauni pana la nyumbani, kanga begani, basi. Tukawa tunafikiri mkufu, kola ya dira, mpaka yeye mwenyewe akasema: lakini shemeji yupo.

Ami Khamis yupo! Kila akiingia sebuleni, Mama lazima ajifunike. Na Ami, kwa adabu aliyolelewa nayo, hukohoa kabla ya kuingia. Kikohozi, kanga inapanda kichwani. Akitoka, inateremka mabegani. Akisahau kitu akarudi, kikohozi, inapanda tena. Tumeandika hivyo mara kwa mara katika sehemu nzima, na kufikia katikati hatuhitaji hata kumwonyesha Ami: kikohozi peke yake kinatosha, mpaka inapokuja siku mwenye kukohoa ni Bi Mkubwa, na kikohozi chake ni kweli. Shingo imefichika muda wote. Baba yeye ana ndevu.

Mswada tulimpelekea sheikh mmoja wa madrasa ausome kabla mtu hajashika kalamu ya kuchora. Hatukutaka kumkera mtu wa upande wowote. Aliusoma akiwa kakaa barazani, akafuta mzaha mmoja wa Ami kuhusu darubini ya Baba, kwa kuwa ulikuwa unamfanya Baba aonekane mjinga wa dini. Kisha akatupa kanuni ambayo nimeibandika juu ya meza: chekeni mfuko, msicheke mwezi. Na kabla ya kuondoka akatuongezea mzaha wake mwenyewe: mtu ambaye kila mwaka huomba Ramadhani itimie thelathini, si kwa uchaji, bali fundi cherehani hajamaliza kanzu yake. Umeingia kama ulivyo. Mtu huyo sasa ni jirani wa ghorofa ya tatu.

Hivi ndivyo unavyosomeka ugomvi wa mwanzo:

AMI: Kaka, Idi mubaraka.
BABA: Mimi nimefunga.
MAMA: Mmoja yuko Idi, mmoja yuko saumu. Mimi niliye jikoni niko wapi?
BI MKUBWA: Nipe huo wa leo, mwanangu. Wa kesho nitaula kesho.

Bi Mkubwa ni mgonjwa, saumu haimlazimu, kwa hiyo yeye ndiye mtu pekee katika nyumba ambaye Idi zote mbili ni zake. Naona atakuja kutuibia katuni nzima.

Hila ya Baba: anapiga hesabu kwamba Idi ikiwa siku mbili, wageni watagawanyika nusu kwa nusu, na pilau itapungua. Hakufikiria kwamba wageni wanaokuja kwa Ami na wageni wanaokuja kwake ni walewale.

Mfunguo Sita

Mwezi wa Maulidi, kila mtu ana mualiko. Michoro ya wahusika imekamilika: mbele, ubavu, nyuma. Kofia ya Baba ilituchukua muda kuliko uso wake. Ni kofia ya viua, na viua ukivichora upya kila fremu vinacheza kama nzi, kwa hiyo kofia imechorwa mara moja kwa kila upande na inafuata kichwa.

Gunia la mchele limefika ghorofa ya nne. Baba anatembea kama anaogelea. Vizuri, bora huku.

Mfunguo Saba

Sauti. Katuni huanza na sauti kisha picha. Mdomo unaufuata msemo. Tumerekodi chumbani, magodoro yamesimamishwa ukutani, feni imezimwa, baada ya sala ya isha na pikipiki zikishapungua. Usiku sauti inakuwa safi. Ila watoto wanalala mapema na wana skuli, kwa hiyo Maulidi na Tatu ilibidi warekodiwe asubuhi ya Jumamosi, na asubuhi ni ya kunguru.

Ndege hawa si wenyeji. Waliletwa kutoka India miaka ya 1890 ili wasafishe taka za mji, na tangu hapo hakuna mtu aliyewahi kurekodi chochote mjini Unguja bila ya wao kuchangia. Tatu anasema "Ami, nipe mkono wa Idi," na nje kunguru anajibu, tena kwa wakati wake barabara, kama aliyefanyishwa mazoezi. Tulisikiliza kipande kile tukacheka sote. Nimeamua kunguru abaki. Atakuwa anakaa kwenye ukingo wa roshani, hana jina, haongei, anachukua visheti. Wenzetu wa Marekani waliimaliza sehemu yao kwa mbwa kuingia katika familia. Kwa nyumba yetu mbwa asingefika hata ghorofa ya kwanza.

Sauti ya Bi Mkubwa tumempata bibi mmoja wa Kipemba. Aliikataa karatasi. "Niambie tu kuna nini, nitasema mwenyewe." Basi tukawa tunamweleza hali: mwanao mmoja amefunga, mmoja anakula, wote wanakutaka uamue. Akanyamaza kidogo, akasema maneno mengine kabisa, mazuri kuliko yetu, kwa Kipemba chake, na kwa mwendo wa pole ambao hakuna kijana anayeweza kuuiga. Tumeibadilisha karatasi iifuate sauti. Kuna mstari mmoja ambao watu wa Unguja labda hawataufahamu wote. Uwe hivyo hivyo. Na Maulidi katika katuni pia haufahamu, anamtazama Tatu, na Tatu anapandisha mabega.

Mfunguo Nane

Huu mwezi ni wa midomo, na nataka kuuandika kwa urefu kwa sababu nilitafuta maelezo kama haya kwa lugha yetu nisiyapate.

Vitabu vya kuchora katuni vina ukurasa wa maumbo ya mdomo: umbo hili la sauti hii, umbo lile la sauti ile. Vimetungwa kwa Kiingereza, na ukivifuata kwa Kiswahili mhusika anaonekana kama filamu iliyotiwa sauti ya mtu mwengine. Sisi tumeanza upya, kioo mkononi. Kiswahili ni lugha ya raha kwa mchoraji. Irabu ni tano na zimetulia: a ni a, haitelezi kwenda kwengine. Na karibu kila silabi inamalizikia kwenye irabu, kwa hiyo mdomo unafunguka kwa mpigo, moja, mbili, tatu. Ukizipata irabu umepata sehemu kubwa ya kazi. Kisha unaongeza mdomo uliofungwa kwa m, b na p. Meno juu ya mdomo wa chini kwa f na v. Na ncha ya ulimi kati ya meno kwa th na dh. Jumla maumbo manane. Kh na gh zinatoka kooni, midomo haina habari nazo, tunashusha taya kidogo tu.

Chukua tangazo la "Mwezi umeonekana!" analolipiga Maulidi kutoka juu ya paa. Mdomo umefungwa, unabana duara kwa w, unafunguka e, unatanuka i, duara la u, unafungwa, e, o kubwa, e, a, a. Usijaribu kuchora n wala k, jicho halizioni. Hii a ya mwisho, kwa kuwa mtoto anapiga kelele, tumeishika nusu sekunde nzima, na kichwa kinarudi nyuma.

Penye mtego ni m iliyosimama peke yake. Katika "mama" mdomo unafungwa na kufunguka, fremu mbili zinatosha. Lakini Mama Maulidi anasema "Mchele uko wapi?", na hapo m ni silabi nzima, ina mpigo wake. Ukiipa fremu mbili, picha inakwenda mbele ya sauti na mtazamaji anahisi kuna kitu hakiko sawa ingawa hawezi kusema ni nini. Tumeipa fremu tano, mdomo umebanwa, macho yamemwelekea Baba, na ghafla ule mchele ukawa na uzito wa kesi. Hatukuongeza mchoro wowote; tuliushika uleule muda mrefu zaidi. Tangu hapo m zote za namna hiyo, mtu, mke, mgeni, tunazitia alama nyekundu kwenye karatasi ya sauti kabla ya kuchora.

Bi Mkubwa ana maumbo yake peke yake. Hana meno ya mbele, kwa hiyo f yake ni mdomo juu ya mdomo. Na anatafuna tambuu. Hili lilikuwa wazo la mchoraji, nami nalihesabu kuwa bora kuliko yote ya mwaka huu: michoro sita ya kutafuna inayozunguka bila ya mwisho. Wengine wakiwa wanagombana wamesimama kama picha ya ukutani, yeye yuko pembeni anatafuna, na chumba kizima kinaonekana kiko hai.

Msonyo wa Mama una mchoro wake maalumu. Umechorwa mara moja na utatumika mpaka tufe.

Mfunguo Tisa

Mandhari. Katuni za zamani zilikuwa na aibu moja: mhusika akikimbia, nyuma yake kinapita kiti, dirisha, kiti, dirisha, kilekile kila mara. Watu huwacheka kwa hilo mpaka leo. Sisi tuna Michenzani. Majumba haya yaliyoanza kujengwa enzi za Mzee Karume ni marefu, yamenyooka, na dirisha la mwanzo ni ndugu wa dirisha la mwisho. Tumechora roshani nne, tukazirudia, na mtu wa Michenzani akitazama anasema ndipo hasa. Kinachobadilika ni nguo zilizoanikwa na ungo za televisheni, basi hizo tu ndizo tulizochora moja moja. Mnara wa kwenye mzunguko unaonekana kwa mbali katika picha mbili, ili mtu wa Pemba naye ajue tuko wapi.

Mwezi ulituletea ubishi. Picha za bure mtandaoni zote zina mwezi uliosimama wima, pembe zimeelekea ubavuni, ule wa kwenye vyeti na mabango. Lakini sisi tuko nyuzi 6 tu kusini ya ikweta, na mwezi mchanga wa huku mara nyingi unalala chali kama mashua, pembe zote mbili juu. Tena uko magharibi, chini sana, juu ya paa za Ng'ambo na Mji Mkongwe, na haukai: jua likishazama una muda mfupi kabla haujalifuata. Mwanzo wa mchoro ulikuwa na mwezi katikati ya anga nyeusi yenye nyota. Anayeutafuta mwezi muandamo anajua kwamba anga wakati ule bado ni ya rangi ya chungwa chini na buluu hafifu juu, na kwamba unauona, unaupoteza, unauona tena. Sasa tumeuchora uzi mwembamba ambao kwenye simu ndogo hauonekani kabisa. Mmoja wetu analalamika kwamba watazamaji hawatauona. Ndiyo hivyo. Na Baba na Ami nao wanabishana juu ya hilohilo.

Rajabu

Kanga.

Mama Maulidi ana kanga nne katika sehemu hii, na kanga ndiyo mahali anaposema asiyoyasema kwa mdomo. Kwa mchoraji kanga ni adhabu: ina pindo kuzunguka, ina mji katikati, ina jina chini ya mji, na vyote vitatu vinakunjika mtu akipumua. Kuchora maua yanayofuata kila mkunjo kwa michoro elfu kadhaa ni jambo la studio zenye majengo. Ujanja wa bei nafuu ni kuyaacha maua yasimame. Umbo la nguo linakwenda, pambo lililo ndani haliendi, kana kwamba nguo ni tundu na pambo liko nyuma yake. Programu yetu, OpenToonz, ambayo ilifanywa huria mwaka 2016 na haitudai hata senti, inaliweza hilo bila ya taabu. Jicho linazoea baada ya muda mfupi, na kwa kweli inapendeza.

Ila jina halikubali. Maua yakisimama ni pambo. Maneno yakisimama na mwili ukaenda, yanakatwa, na jina lisilosomeka kwenye kanga ni bora lisiwepo. Ikabidi tugeuze kazi iwe mchezo wa kuigiza. Mama akiwa anatembea, jina liko ndani ya mikunjo, tunachora mistari tu, hakuna herufi. Anapotaka kujibu, anasimama, anageuka kutupa mgongo, anaivuta kanga ikakaza, na herufi kubwa zinatokea zote. Kamera inakaa fremu 50, sekunde mbili kamili, hakuna anayesema kitu. Hakuna mdomo wa kuchora hapo! Ni jibu kali kuliko yote na ni rahisi kuliko yote kuchora.

Watoto wanaposubiri mkono wa Idi wa pili: JAPO SIPATI TAMAA SIKATI. Jirani wa ghorofa ya tatu anapochungulia sufuria: HASIDI HANA SABABU. Hizo zipo madukani, kila mtu anazijua, na hapo ndipo raha yake. Ile ya Ami tumeipiga chapa wenyewe. Siku ya Idi ya pili Ami anakaa tena kwenye sinia, ingawa yeye Idi yake ilikuwa jana. Mama anageuka, anaivuta kanga: MGENI SIKU MBILI YA TATU MPE JEMBE. Fremu 50. Ami anaisoma polepole, midomo inakwenda, anaipenda. "Bahati nzuri mimi si mgeni," anasema, na anavuta sahani.

Mengine ya mwezi huu kwa haraka. Umeme unaotufikia chini ya bahari kutoka Ras Kiromoni mpaka Fumba ulikatika usiku kompyuta ikiwa katikati ya kutoa picha. Hatukupoteza kitu, kwa sababu hatutoi video moja kwa moja; tunatoa picha moja moja, kila fremu faili lake, na umeme ukirudi tunaendelea pale ilipokoma. Anayeanza kazi hii alijue hilo mapema. Na kampuni moja ilitaka kutudhamini kwa sharti sabuni yake ionekane katika kila tukio, pamoja na lile la paa, wakati wa kutafuta mwezi. Tulishukuru tukaondoka.

Shabani

Muziki umetiwa. Tulifikiria kwanza taarab kamili, yenye ganuni na udi, lakini hiyo ni ya ukumbini na watu waliovaa. Nyumba hii ni ya kidumbak, muziki wa mitaani: fidla, ngoma ndogo mbili za dumbak, cherewa za kutikisa, mkwasa za kugonga, na sanduku. Sanduku hasa. Ni sanduku lililogeuzwa, fimbo, na uzi mmoja, na sauti yake nene inaweza kuwa nyayo za Baba ngazini, au tumbo la Ami. Mwenzetu wa muziki amepiga ghorofa zote nne kwa sanduku peke yake, na kila ghorofa mpigo unazidi kuchoka.

Tuliionyesha ngazini, shuka limetundikwa, projekta ya kuazima, watu wamekaa kwenye vidato. Mzee mmoja alitukumbusha kwamba visiwa hivi vilikuwa na televisheni ya rangi tangu miaka ya 1970, wakati Bara walingoja mpaka 1994, na katika miaka yote hiyo hajawahi kuona ngazi yake. Watoto walicheka kwa kunguru. Wanawake walicheka kwa kikohozi, mara ya pili tu kilipotokea, kabla sisi wenyewe hatujategemea. Wanaume walikaa kimya mpaka lilipofika suala la fundi cherehani, wakapasuka. Jina la kanga ya Ami lilisomwa kwa sauti na ngazi nzima, kwa pamoja, na kicheko kikafunika jibu lake; kwa hiyo tumeongeza fremu 40 baada ya kanga ili jibu lisikike. Vijana wawili walianza kubishana juu ya mwezi, lakini hawakubishana na katuni.

Kuna bibi aliyesema Mama Maulidi mbona hakai hata mara moja. Tukarudi kutazama. Katika dakika 11 kweli hakai. Hatukupanga hivyo, na sasa sitaki kubadilisha; ila katika picha ya mwisho kabisa, Idi zote mbili zimepita, tumemchora kakaa kwenye kidato cha mlango, miguu kainyoosha, na anakula kisheti. Kunguru anakitazama.

Faili limekabidhiwa. Mratibu wa vipindi aliuliza irushwe Idi ipi. Tukacheka, yeye hakucheka, ana ratiba ya kujaza. Tumekubaliana irushwe siku itakayotangazwa, usiku baada ya habari, na irudiwe kesho yake.

Sehemu ya pili imeshaandikwa nusu: Baba ananunua friji ya mtumba bandarini na inabidi ipande mpaka ghorofa ya nne. Ngazi tunazo, zimeshachorwa, na gunia la mchele limetufundisha magoti yanavyokunjika. Kilichobaki kuchora ni friji, wabebaji wanne, na Ami Khamis anayeongoza kazi kwa maneno.